Jogoo Mkubwa Si Bata Mzinga

Wiki hii nimepigiwa simu tatu za aina moja. Bata mzinga wa supamaketi amemshinda mteja kwa bei, basi ameenda soko la Burma akanunua jogoo wa kienyeji mkubwa kuliko wote waliokuwepo, na sasa anataka kujua amwoke kwa saa ngapi. Nikimjibu kwamba jogoo huyo hapaswi kuingia oveni akiwa mbichi, ananyamaza kidogo, kisha: "Lakini dada, ndege si ni ndege tu?"

Hapana. Napikia watu karamu za Krismasi hapa Nairobi mwaka wa 14 sasa, na hakuna imani iliyoharibu meza nyingi kuliko hii. Kila Desemba naisikia, na kila Januari nasikia kwamba kuku wa kienyeji "hafai kwa wageni". Kuku wa watu anasingiziwa.

Bata mzinga wa kuuzwa huchinjwa akiwa na miezi michache tu. Ukubwa wake umetokana na mbegu na chakula. Ni kitoto kilichonenepa, nyama yake bado laini, ndiyo maana anavumilia moto mkavu wa oveni (na hata yeye kidari hukauka mapaja yakiwa bado). Jogoo wa kienyeji asilia hanenepi hivyo. Akifika kilo tatu na nusu, ujue ameishi. Amekimbia, amepigana, amelala juu ya mti. Kwa bata mzinga kilo nyingi ni habari ya mbegu. Kwa jogoo ni habari ya umri. Kwa hiyo unapochagua jogoo mkubwa kuliko wote ili afanane na bata mzinga, unachagua nyama ngumu kuliko zote sokoni.

Umri unaonekana ukitaka kuuona. Mwombe muuzaji akushikie kuku, ubonyeze kwa kidole gumba ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari, kule unakoelekea tumboni. Kwa kuku mchanga ncha hiyo ni gegedu, inapinda kama sikio lako. Kwa mzee imeshakuwa mfupa, haisogei. Kisha tazama kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo: kikiwa kirefu kilichochongoka, na magamba ya miguu yamekauka na kuinuka, huyo ni wa sufuria.

Neno "kienyeji" lenyewe linawachanganya watu, maana sokoni linabeba kuku watatu tofauti. Yuko wa asilia. Yuko aliyeboreshwa, kama yule wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, au Kuroiler mwenye asili ya India, ambaye hukua upesi na akiwa mchanga anaokeka vizuri. Na yuko kuku wa mayai aliyechoka kutaga, anayeuzwa kwa jina hilohilo kwa sababu tu manyoya yake ni ya kahawia. Ukiuliza "ni wa kienyeji?" utaitikiwa ndiyo kwa wote watatu. Uliza ana miezi mingapi.

Sasa, kwa nini mzee asiokwe? Misuli iliyofanya kazi imefungwa kwa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha nyama, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo nyuzi zake zinavyoshikana. Kolajeni hulegea kwa unyevu, moto mdogo na muda. Ndani ya oveni kavu kidari kinapoteza maji yake yote kabla kolajeni haijaanza kuyeyuka. Nilijifunza hivyo mwaka wangu wa kwanza: majogoo wawili, rangi nzuri ya dhahabu, na wageni wakitafuna kimya huku mwenye nyumba akiangalia sahani yake. Sijasahau kimya kile.

Mchemshe kwanza mzima, maji yakitokota polepole, na tangawizi, kitunguu na chumvi. Usinakili dakika za kitabu cha Uingereza wala za shangazi yako wa Mombasa. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100, kwa hiyo muda unarefuka. Dakika kamili sikupi. Nimewahi kuepua baada ya saa moja na nusu, nimewahi kungoja saa tatu, kwa kuku waliofanana kabisa nje. Chomeka uma kwenye paja: ukiingia bila kubishana, mwepue, mpake siagi, ndimu na pilipili manga, kisha oveni kali dakika 20 ngozi ishike rangi. Supu iliyobaki pikia wali. Bata mzinga hakupi supu kama ile.

Wanaotaka kumpaka kuku papai bichi wakamlaza usiku kucha, tafadhali acheni. Papai hufanya kazi juu juu tu. Asubuhi utakuta uji nje na mpira ndani.

Usipotaka habari ya sufuria, oka broila wawili badala ya ndege mmoja mkubwa. Wapake chumvi jioni ya tarehe 24, kijiko kidogo kwa kila kilo, wakae wazi kwenye friji. Mapaja manne, kila mtu anapata. Kanga ni mtamu lakini hana mafuta na hutosha watu wanne. Nunua kwa mfugaji mwenye kibali. Bata sipendi kumpendekeza kwa wageni wengi, mifupa ni mingi.

Mimi kwangu mwaka huu ni mkono wa mbuzi. Watu hukimbilia mguu kwa sababu unapendeza kwa macho, lakini hauna mafuta na hukauka. Mkono una kolajeni na mafuta katikati. Ufunike vizuri kwa foili na maji kikombe kimoja, nyuzijoto 160, saa tatu na nusu, nyama inaachia mfupa yenyewe. Huna oveni? Sufuria nzito, mfuniko unaobana, makaa machache chini, na upalie mengine juu ya mfuniko kama unavyopalia pilau. Mama yangu hakuwahi kuwa na oveni, na mbuzi wake ndiye ninayemkumbuka.