Jeshi Halikai Likikungoja: Dhana Potofu Kuhusu Kampeni ya Zama za Kati kwenye Gemu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikibuni modi ya kampeni ya Zama za Kati za Ulaya, yaani vita vizima vinavyochezwa kwenye ramani zamu kwa zamu, kwa ajili ya gemu ya mkakati: kwanza kwenye karatasi kubwa niliyoichora ramani, na vipande vya mbao vikiwa majeshi, kisha kwenye kompyuta. Nilianza na mapigano. Nilipanga wapiga mishale, wapanda farasi na minara ya ngome, nikachukulia kwamba kampeni ni njia tu ya kutoka pambano moja kwenda lingine. Zile nilizoanza nazo ndizo dhana ninazozikuta kwa karibu kila anayeingia kwenye kazi hii, na kila moja inafuta kitu ambacho mchezaji angekifurahia sana.

Dhana: Ukishaandikisha jeshi, ni lako mpaka life

Ukweli: tazama Uingereza ya mwaka 1066. Mfalme Harold alijua William wa Normandy anakuja kumvamia. Kiangazi chote akaweka watu na merikebu kwenye pwani ya kusini, macho yakiwa baharini. Tarehe 8 Septemba akawaruhusu warudi makwao. Hakuna aliyekuwa amemshinda. Chakula kilikuwa kimekwisha. Siku 20 baadaye William akashuka Pevensey, na pwani haikuwa na jeshi la kumzuia. Harold alikuwa mbali kaskazini, ambako siku tatu tu kabla alikuwa amewashinda Wanorwe pale Stamford Bridge.

Karne zilizofuata, desturi iliyoenea ilikuwa bwana kupata utumishi wa siku 40 kutoka kwa waliomwapia. Siku hizo zikiisha, alipe au aagane nao. Ufaransa ilikuja kuwa na jeshi la kudumu la mfalme mwaka 1445, chini ya Charles VII, na hapo Zama za Kati zilikuwa zinaelekea ukingoni.

Kwa hiyo kila kikosi kwenye ramani kipe tumbo na kalenda. Katika jaribio moja mezani, mchezaji alikuwa amezingira ngome kwa uangalifu mkubwa, zamu moja ikiwa wiki moja. Zamu ya sita ilipokwisha nikaanza kugeuza vipande vitatu vielekee nyumbani. Akaweka kiganja juu ya kimoja, akaniuliza, “Nikiwaahidi mshahara, watabaki?” Mpaka dakika ile hakuwa ameiangalia hazina yake hata mara moja.

Dhana: Zamu moja iwe mwaka, maana kampeni ni ndefu

Kati ya Stamford Bridge na Hastings, ambako William alimshinda Harold, zilipita siku 19. Zamu ya mwaka mzima ingezimeza zote, pamoja na ule mwendo wa haraka wa Harold kurudi kusini, ambao ndio roho ya kisa chenyewe. Lakini ukihesabu wiki kwa wiki mwaka mzima, mchezaji atachoka kabla mtoto wa mfalme hajaota ndevu. Mimi nimeamua hivi: wiki kwa wiki kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kisha baridi yote iwe zamu moja ya kuozesha watoto, kudai kodi na kujenga.

Dhana: Vita ni mapambano makubwa ya uwanjani

Hapa ndipo gemu nyingi hupotea, nami naona ndipo penye utajiri kuliko kwingine kote. Mwezi Agosti 1346 Edward III, mfalme wa Uingereza, aliwashinda Wafaransa huko Crécy, ushindi mkubwa usio na ubishi. Kwenye gemu ya kawaida angepewa jimbo papo hapo. Yeye ilibidi aende Calais, mji wa bandari, akaketi nje ya kuta zake kwa takriban miezi 11, mpaka njaa ilipoufungua mji mwezi Agosti 1347. Kabla tu ya mji kusalimu amri, mfalme wa Ufaransa alifika na jeshi la kuuokoa, akazitazama ngome za udongo na mabwawa yaliyowakinga Waingereza, akaondoka bila kupigana. Uamuzi ule wa kuondoka ndio mchezo. Mpe mchezaji wako nafasi ya kuufanya, naye aone uchungu wake.

Aliye nje ya ukuta naye anaumia. Piga hesabu: farasi mmoja anahitaji kama kilo 10 za nafaka na nyasi kwa siku. Farasi 1,000 ni tani 10. Mkokoteni ukibeba nusu tani, hiyo ni mikokoteni 20 kila siku, na wanyama wanaoivuta nao wanakula. Jeshi likikaa mahali pamoja hula eneo lote linalolizunguka, kisha maji yanachafuka na watu wanaanza kuhara damu. Ndicho kilichomkuta Henry V, mfalme wa Uingereza, huko Harfleur, Ufaransa, mwaka 1415: mji aliupata, lakini ugonjwa ukawala askari wake wengi kabla hajafika kwenye pambano la Agincourt.

Kuna pia vita visivyo na pambano kabisa. Vuli ya mwaka 1355 mtoto wa Edward III, anayejulikana kama Mwanamfalme Mweusi, alitoka Bordeaux akafika hadi Narbonne, kusini mwa Ufaransa, na kurudi, akichoma vijiji, vinu na maghala njiani. Gemu huliweka jambo hili kama kitufe cha kupora kinachoongeza dhahabu. Dhahabu ilikuwa sehemu ndogo. Kijiji kilichoungua hakilipi kodi, na wanakijiji wanajiuliza mfalme wao yuko wapi. Kwenye modi yangu uporaji hupunguza kwanza utii kwa bwana wa eneo, kisha mapato yake, na mwisho ndipo humpa mporaji kitu.

Dhana: Kila jimbo lina rangi moja na mwenyewe mmoja

Henry II alikuwa mfalme kamili huko Uingereza tangu 1154, lakini kwa Normandy, Anjou na Aquitaine alikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Ungemtia rangi gani? Mwanawe John alimwoa mwaka 1200 Isabella wa Angoulême, binti aliyekuwa amechumbiwa na Hugh wa Lusignan. Watu wa Lusignan wakapeleka malalamiko kwa Philip II wa Ufaransa, aliyekuwa bwana wa John kwa ardhi zile. Mwaka 1202 Philip akamwita John barazani, John hakwenda, Philip akatangaza kwamba John amenyang’anywa ardhi zake. Kufikia 1204 Normandy ilikuwa imekwenda. Harusi, kesi, kisha ndipo majeshi. Ramani ya rangi moja moja haiwezi kabisa kusimulia kisa hiki, kwa hiyo kila eneo nimelipa tabaka mbili: anayelishika na anayeapiwa.

Dhana: Ukimkamata mfalme, umeshinda

Mfalme Stephen wa Uingereza alikamatwa Lincoln mwezi Februari 1141. Mpinzani wake wa kiti cha ufalme, Matilda, alifika London kutawazwa, wenyeji wakamfukuza. Mke wa Stephen akaendeleza vita, jemadari wa Matilda naye akakamatwa, na kabla ya mwaka kwisha mateka wawili hao, Stephen na jemadari, wakabadilishwa. Vita havikuisha hadi 1153. Mateka ni mali ya kupigia bei: Jean II wa Ufaransa, aliyekamatwa Poitiers mwaka 1356, aliwekewa fidia ya vipande milioni 3 vya dhahabu.

Dhana: Deraya ilimfanya shujaa asiweze kusogea

Deraya, yaani vazi la vita la chuma, ikiwa kamili ya mabamba ilikuwa na kilo 15 hadi 25 hivi, zikiwa zimegawanywa mwili mzima. Ipunguzie kasi mikokoteni, si mashujaa.

Dhana: Gemu ya kihistoria lazima ifuate matukio yalivyotokea

Tarehe 25 Novemba 1120 Merikebu Nyeupe ilizama karibu na Barfleur, ikamzamisha mtoto pekee wa kiume wa ndoa wa Henry I, mfalme wa Uingereza. Kutokana na msiba huo ndiyo yakaja yale ya Stephen na Matilda. Ukiipangia merikebu hiyo tarehe ndani ya gemu, mchezaji anayejua historia atamweka mrithi nchi kavu siku hiyo, basi. Mimi nimeiondoa tarehe. Kila mara mfalme anapovuka bahari, ramani inamuuliza mchezaji nani apande chombo kipi, na kama ni vuli, upepo ukoje. Wengi huwapandisha mfalme na mrithi pamoja, kwa sababu chombo cha pili ni gharama.