Peni moja kwa galoni: wafanyabiashara wa Boston na shehena za molasi

Sheria ya Molasi ya 1733 iliweka ushuru wa peni 6 kwa kila galoni ya molasi (maji mazito yanayobaki sukari ya miwa ikitengenezwa, ambayo ramu hutokana nayo) ya kigeni iliyoingia kwenye makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini. Haikutungwa ili ilete fedha. Wenye mashamba ya miwa wa Jamaika na Barbados, visiwa vya Waingereza vya Karibi, walitaka molasi ya Wafaransa isinunuliwe kabisa. Viwanda vya ramu havingeweza kuitii. Mwaka 1764 koloni la Rhode Island lilieleza kwamba linaingiza mapipa makubwa yapatayo 14,000 kwa mwaka, na visiwa vya Waingereza havitoi zaidi ya 2,500 kati ya hayo. Mengine yalitoka hasa kwa Wafaransa, ambako molasi ilikuwa rahisi kwa sababu Ufaransa haikutaka ramu ishindane na brandi yake.

Nahodha aliondoka Boston, Salem au Newport na samaki wakavu, mbao na farasi, akauza Martinique au Guadeloupe, visiwa vya Wafaransa, akapakia molasi. Baada ya hapo alihitaji hati ya kuonyesha kwamba mzigo umetoka kisiwa cha Waingereza. Hati za Anguilla zilisifika kwa kazi hiyo. Tatizo lake ni kwamba Anguilla ina kilomita za mraba 91 tu, tena kame, na yeyote aliyejumlisha mapipa kwenye makaratasi aliona kwamba kisiwa hakiwezi kuzalisha kiasi hicho. Mtoza ushuru wa Salem, James Cockle, alisimamishwa kazi mwaka 1764 katika sakata la hati hizo. (Ndiyo Salem ileile ambayo karne iliyofuata meli zake zilileta kitambaa cha marekani Unguja.)

Njia nyingine ilikuwa kuelewana na ofisa wa forodha: unaandikisha sehemu ya mapipa, yaliyobaki hayaonekani. Hongo ilifika karibu peni 1 na nusu kwa galoni.

Hapa hesabu ndiyo inayoeleza kila kitu. Chukua mapipa 100 ya galoni 100 kila moja, yaani galoni 10,000. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, yaani peni 240. Kwa peni 6, ushuru ni pauni 250. Kwa hongo ya peni 1 na nusu, ni pauni 62 na shilingi 10. Nani angelipa 250?

Sheria ya Sukari ya 1764 ikapunguza ushuru hadi peni 3, yaani pauni 125 kwa shehena ileile. Wengi huiita nafuu. Mimi siioni hivyo, kwa sababu safari hii serikali ilikusudia kukusanya. Nahodha alitakiwa kuweka dhamana kabla ya kupakia na kubeba hati ya kila bidhaa. Kesi iliweza kupelekwa Halifax, huko Nova Scotia, mbele ya hakimu wa mahakama ya bahari asiye na baraza la raia la kuamua kesi, na mwenye mzigo ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa. Hata akishinda, hakupata fidia iwapo hakimu ameona ofisa alikuwa na sababu ya kutosha ya kukamata. Mali iliyotaifishwa iligawanywa kwa theluthi: moja ya gavana, moja ya aliyekamata. Kosa dogo la karatasi likageuka kuwa pato la mtu.

Meli Liberty ya John Hancock, mfanyabiashara wa Boston, inaonyesha jinsi mtego ulivyofanya kazi. Mei 1768 ilifika Boston kutoka Madeira, ikaandikisha mapipa 25 ya mvinyo. Mawili yalihesabiwa tani moja ya mvinyo, na kila tani ililipiwa pauni 7, kwa hiyo jumla ni pauni 87 na shilingi 10. Maofisa walishuku kwamba mvinyo ulikuwa mwingi zaidi. Hata hivyo, tarehe 10 Juni waliikamata kwa sababu nyingine: mafuta na lami vilikuwa vimepakiwa kabla ya kibali. Bandari nzima ilizoea kupakia kwanza na kuchukua karatasi siku ya kuondoka. Desturi si kinga mahakamani.

Mwaka 1766 Bunge lilishusha ushuru hadi peni 1 kwa galoni, kwa molasi yote, ya Waingereza na ya wageni. Shehena yetu sasa inalipa pauni 41, shilingi 13 na peni 4. Ushuru umekuwa chini ya hongo, na hati ya Anguilla haina kazi tena. Wafanyabiashara wakalipa.

Walipowekewa ushuru wa kioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai mwaka 1767, walijibu kwa kuacha kuagiza. Mapatano ya Boston yalianza 1 Januari 1769, yakiruhusu chumvi, makaa ya mawe, ndoana, katani na turubai. Hapo kwenye turubai ndipo palipovuja. Mchapaji John Mein alitoa gazetini orodha za shehena, akamshutumu Hancock kuingiza kitani. Meneja wa Hancock akajibu kwamba ilikuwa turubai.

Kwa chai, Sheria ya Chai ya 1773 iliishusha bei chini ya ile ya magendo ya Kiholanzi. Kwa hesabu ya molasi, wangelipa. Lakini peni moja ya molasi ilimwachia mfanyabiashara biashara yake, ilhali chai hii Kampuni ya India ya Mashariki iliiuza kupitia mawakala wachache iliowateua, na wengine wote wakabaki nje. Meli ikishaingia, ushuru ulipaswa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo forodha inachukua mzigo. Gavana Hutchinson wa Massachusetts alikataa kuipa meli ya chai Dartmouth ruhusa ya kurudi nayo. Muda wake ulikuwa uishe 17 Desemba. Chai ilimwagwa baharini usiku wa tarehe 16.