"Just" si "tu", jamani

Sentensi niliyowapa wanafunzi waitafsiri kwa Kiswahili ilikuwa fupi: "Her husband has just died." Mwanafunzi kaniletea: "Mume wake amekufa tu." Yaani hivi hivi, hana ugonjwa hana ajali, kajifia. Nikamwita. Akanijibu bila wasiwasi: "Si just ni tu, mwalimu?"

Nimelisikia hilo mpaka masikio yananiuma. Ndiyo, "just two" ni mbili tu, hapo sina neno. Lakini kwenye "has just died" linapima muda: ndiyo kwanza amefariki, au ametoka kufariki sasa hivi.

Asili yake ni iustus la Kilatini, lililopitia Kifaransa: yaani -enye haki. Maana hiyo bado ipo. "A just king" ni mfalme mwadilifu, si mfalme tu. Kutoka kwenye haki likafika kwenye usawasawa ("just right", barabara kabisa), ndipo likaingia kwenye muda. "Tu" halijawahi kupita njia hiyo. Tena sisi "nzuri tu" ni jibu la mtu asiyetaka maswali mengi, ilhali "just wonderful" ni sifa ya kutoka moyoni.

Kinachonikera hasa ni kanusho. "I don't just teach": kufundisha nafundisha, na mengine nafanya. "I just don't teach": sifundishi, basi, usiniulize. Kwa Kiswahili "sifundishi tu" inabeba zote mbili, kiimbo ndicho kinachoamua, na karatasi haina kiimbo. Binti mmoja alitaka kumkataa mtu kwa Kiingereza, akaandika "I don't just like you." Alikusudia "sikupendi tu, basi." Jamaa akasoma "si kukupenda tu," akakaa mkao wa kusubiri yaliyozidi kupenda. Neno limesogea hatua moja, posa imefufuka!

Kuna "just" moja inayonishinda hata mimi, ile ya kulainisha ombi: "Could you just sign here?" Wengine huweka "hebu", lakini "hebu" la kwangu lina harufu ya amri. "Naomba utie saini hapa" inatosha, ila sina hakika kama ule wepesi wa "jambo dogo tu hili" umebaki. Mara nyingi hilo "just" nalifuta. Jana, kwenye barua moja, nimelifuta mara nne. La tano nimeliacha tu.