Mwanajeshi mstaafu, kiwewe cha vita na pombe: maswali na majibu

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka na kuingia Somalia, maelfu ya askari wamepita huko kwa zamu. Wapo waliokuwa katika kambi za El Adde Januari 2016 au Kulbiyow Januari 2017, zilipovamiwa na Al-Shabaab. Wapo pia ambao hawakufyatua hata risasi moja, ila walibeba miili ya wenzao. Wengi sasa wamestaafu na kurudi makwao, na maswali haya hutoka kwao na kwa jamaa zao.

Mume wangu hakuwa mlevi kabla ya Somalia. Sasa halali bila kunywa. Je, huu ni ugonjwa au ni tabia tu?

Huenda ni magonjwa mawili kwa pamoja: kiwewe cha vita, ambacho madaktari hukiita PTSD, na uraibu wa pombe. Kiwewe hutambulika kwa mambo manne yanayodumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha. Tukio humrudia, usiku kwa jinamizi na mchana kama linatokea upya. Hukwepa watu, mahali au mazungumzo yanayomkumbusha. Moyo wake hufa ganzi, au hujilaumu kwa kubaki hai. Tena hakai kwa utulivu: mgongo ukutani, macho mlangoni, tairi likipasuka barabarani yuko chini ya meza.

Jina hili liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliorudi kutoka vita vya Burma hawakuwa na jina la kuyaita hayo, na nadhani wengi wao tuliwaita walevi tu.

Yeye anasema pombe ndiyo inayomlaza. Anadanganya?

Hadanganyi. Pombe humwahisha kupata usingizi, na mwanzoni mwa usiku hubana ule usingizi wenye ndoto. Ndiyo maana saa za kwanza huwa shwari. Taabu huja pombe inapopungua mwilini, kuelekea alfajiri: ndoto zilizobanwa hurudi kwa nguvu, moyo unadunda, jasho linamtoka, naye anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Mchana anakuwa mkali na mwepesi kushtuka. Jioni anahitaji kinywaji tena, na kile kiasi cha jana hakitoshi.

Ukimwambia pombe haimsaidii chochote, atakuona hujui usemalo, kwa sababu mwili wake unamwambia vingine. Afadhali umuulize: saa tisa usiku huwa unajisikiaje?

Tumeambiwa aache pombe kwanza, ndipo atibiwe kiwewe. Ni sawa?

Ushauri huo umezagaa, na kwa maoni yangu umeumiza wengi. Askari anafika kliniki ya akili, anaambiwa rudi ukiwa umeacha pombe. Anakwenda kituo cha uraibu, hakuna anayemuuliza kilichotokea vitani. Anaachishwa pombe, jinamizi linabaki palepale, na wiki ya tatu yuko baa.

Hofu ilikuwa kwamba kumfanya asimulie yaliyompata kutamrudisha kwenye chupa. Utafiti uliofanyika Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuata watu 165 wenye kiwewe na uraibu wa pombe kwa pamoja. Baadhi yao walipewa tiba ya kusimulia tukio tena na tena mbele ya mtaalamu, kwa utaratibu, hadi kumbukumbu ipungue makali. Tiba hiyo haikuwaongezea ulevi. Wizara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani nayo inaelekeza kwamba kunywa pombe kusiwe sababu ya kumnyima mtu tiba ya kiwewe. Magonjwa yote mawili yatibiwe sambamba.

Nimeamua. Naacha leo. Kuna ubaya?

Kwako wewe unayekunywa kila siku, ukiamka mikono inatetemeka hadi utoe loki, yaani unywe kidogo asubuhi ili utulie, upo ubaya mkubwa. Usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo na kupandwa na homa. Hali hiyo huua. Ni ya kukimbizwa hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Hospitalini utapewa dawa za kukushusha polepole, pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mlevi huishiwa nayo na ukosefu wake huharibu ubongo.

Basi nipunguze. Nitapimaje?

Shirika la Afya Duniani hupima kinywaji kimoja kama gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Kwota ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 inakaribia gramu 80. Ni vinane! Anayesema “mimi kwota moja tu” amekunywa sawa na bia nne kubwa. Chang'aa haipimiki, maana nguvu yake hubadilika kutoka mpishi hadi mpishi, na huweza kuwa na methanoli, pombe yenye sumu inayopofusha na kuua.

Andika kila unachokunywa, saa, na kilichotangulia. Baada ya wiki mbili utaona mpangilio: siku ya pensheni, habari za shambulio redioni, tarehe aliyokufa mwenzako. Siku hizo zipangie mapema. Kula kwanza, kuwa na mtu, usibaki na chupa nyumbani. Anza kwa kusogeza mbele saa ya kinywaji cha kwanza, kisha punguza idadi kidogo kidogo. Ukianza kutetemeka, umeshuka haraka mno. Rudi kwa daktari.

Dawa je?

Zipo. Naltreksoni hupunguza hamu ya kunywa, lakini haifai kwa anayetumia dawa za maumivu kama tramado. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Kwa kiwewe, sertralini hutumika sana. Zote ni za kuandikiwa na daktari. Valiamu, dawa ya kutuliza, ya kujinunulia dukani epuka kabisa: haitibu kiwewe, ina uraibu wake, na ikichanganyika na pombe inaweza kukukatisha pumzi.

Sisi wa nyumbani tufanye nini?

Msigombane naye akiwa amelewa. Zungumzeni asubuhi, na mtaje mlichokiona badala ya kumhukumu. Akipiga kelele usingizini, msimguse. Mwiteni jina kwa mbali hadi azinduke. Maombi yaendelee kama ndiyo desturi yenu, na kliniki nayo iendelee.

Dada, akikupiga, ugonjwa hauhalalishi. Ondoka na watoto kwanza, mengine yafuate. Akitaja kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoeni silaha, kamba na sumu za shambani, na asiachwe peke yake mpaka afike hospitali.

Aanzie wapi?

Kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti, au hospitali ya akili ya Mathari kwa walio karibu na Nairobi. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haina malipo. Vikundi vya walioacha pombe vipo pia, na wapo wastaafu wanaofunguka upesi zaidi mbele ya askari mwenzao kuliko mbele ya daktari. Mkifika, mtaje vita na pombe vyote viwili tangu dakika ya kwanza, hata kama fomu imeuliza kimoja tu.

Na akirudia?

Wengi hurudia. Arudi kliniki wiki hiyohiyo na daftari lake, waangalie ni siku gani iliyomwangusha.