Kichupa cha ABL1: kimeng'enya kimoja, majibu mawili

Katika friza ya maabara ninayofanyia kazi, kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kuna vichupa vidogo vilivyoandikwa ABL1 ya binadamu, rekombinanti, yaani protini iliyotengenezwa na kiumbe kingine kilichopandikizwa jeni yake. Watafiti vijana wanaokuja kuviomba huuliza kwanza kama kimeng'enya hicho bado kinafanya kazi. Swali hilo ni la haki, ila mimi hutanguliza jingine: ndani ya kichupa mna kipande kipi cha protini hiyo, na kilitoka kwa mtengenezaji kikiwa katika hali gani?

ABL1 ni mojawapo ya kinasi za tirosini, yaani vimeng'enya vinavyochukua fosfeti ya mwisho ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuibandika kwenye amino asidi ya tirosini iliyomo katika protini. Binadamu ana jeni 90 hivi za kinasi za namna hii, kati ya jeni zaidi ya 500 za kinasi zote. Kwamba tirosini hubandikwa fosfeti ni jambo lililogunduliwa mwaka 1979 na Tony Hunter wa Taasisi ya Salk huko California, naye alisaidiwa na bafa (kimiminika cha kudhibiti uasidi) kuukuu ambayo pH yake ilikuwa imeshuka, kwani katika bafa mpya fosfotirosini, yaani tirosini yenye fosfeti, ingeendelea kujificha pamoja na fosfothreonini, amino asidi nyingine yenye fosfeti. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa tahadhari, maana wapo wanaokigeuza kuwa ruhusa ya kutobadilisha bafa.

Kinachoifanya ABL1 itafutwe kuliko ndugu zake wengi ni aina moja ya saratani ya damu, ambamo kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jeni ya ABL1 ikaungana na ile ya BCR, na matokeo yake yakawa kinasi isiyozimika. Imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima kinasi hiyo, na tangu hapo mtu yeyote anayetafuta molekuli mpya ya kuizuia huhitaji kwanza ABL1 safi ya kujaribia.

ABL1 hiyo safi haikamuliwi kutoka kwenye damu ya mtu. Jeni ya binadamu hupandikizwa katika kiumbe kingine, nacho kikafanywa kiwanda. Bakteria wa E. coli ni wa gharama nafuu, lakini kinasi ya tirosini iliyo hai huwadhuru, kwa sababu hubandika fosfeti ovyo kwenye protini zao. Dawa ya tatizo hilo ni kuwapa pia jeni ya YopH, kimeng'enya kinachobandua fosfeti, ambacho asili yake ni bakteria wa Yersinia, ukoo wa wale wa tauni. ABL1 inayopatikana kwa njia hii hutoka ikiwa haina fosfeti.

Njia nyingine iliyozoeleka ni seli za Sf9, ambazo asili yake ni ovari ya pupa wa Spodoptera frugiperda. Jina hilo si geni kwa mkulima wa mahindi wa Afrika Mashariki, ingawa yeye humwita kiwavijeshi vamizi na hana jema la kusema juu yake. Seli hizo huambukizwa virusi vya wadudu vilivyobeba jeni yetu, zikatengeneza protini kwa wingi, na humo ABL1 huweza kujibandika fosfeti yenyewe kabla haijasafishwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu. Mwaka mmoja nilipima imatinib kwa ABL1 ya kundi moja la uzalishaji, kisha kwa ya kundi lingine, na mara ya pili dawa ikaonekana dhaifu mno. Nilishuku dawa, nikashuku pipeti, nikamshuku hata msaidizi wangu, ambaye nilimwomba radhi baadaye. Kumbe kimeng'enya cha pili kilikuwa kimeshabandikwa fosfeti. Imatinib hujichomeka ndani ya ABL1 iliyojikunja katika umbo la kutofanya kazi. Fosfeti ikishakaa kwenye tirosini ya 393, umbo lililofunguka huimarika na nafasi ya dawa hupungua. Dasatinib, dawa nyingine ya kuizuia ABL1, haichagui umbo kwa ukali huo, na ilipopimwa kwa makundi yote mawili haikuyumba kiasi hicho.

Urefu wa kipande nao una neno lake. Wauzaji wengi hutoa eneo la kinasi peke yake, yaani sehemu ya protini inayobandika fosfeti, ambalo linatosha kwa dawa zinazoshindana na ATP. Lakini asciminib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hukaa mbali na ATP, katika mfuko wa miristoili (shimo ambamo kwa kawaida hukaa asidi ya mafuta ya protini hiyo), na huizima kinasi kwa kuikunja pamoja na SH3 na SH2, maeneo mengine mawili ya ABL1. Ukiipima kwa kipande kisicho na maeneo hayo, unaweza kuitupa dawa nzuri.

Tena usilinganishe vipimo bila kutazama ATP. Ndani ya seli huwa kuna milimoli kadhaa kwa lita, ilhali katika mirija yetu mara nyingi tunaweka mikromoli chache kwa lita. Dawa inayogombea kiti na ATP itaonekana kali zaidi penye wagombea wachache.

Basi kichupa kipya kikifika, kabla ya kukifungua nasoma cheti chake: amino asidi ya kwanza na ya mwisho, lebo ya histidini au GST (kipande kilichoongezwa ili kurahisisha usafishaji), kiumbe kilichokizalisha, na utendaji wa kundi hilohilo kwa nanomoli kwa dakika kwa miligramu. Kisha nakiyeyusha juu ya barafu, nakigawa katika sehemu za kutumika mara moja, nazirudisha kwenye friza, na namba ya kundi naiandika kwenye daftari kando ya kila jibu.