"Tidal wave", "swell", "rip tide": dhana potofu na ukweli kuhusu maneno haya ya Kiingereza ya bahari

Dhana: "Tidal wave" ni wimbi linaloletwa na maji kujaa.

Ukweli: Kupwa na kujaa ni kazi ya mwezi na jua. Wimbi ambalo Waingereza wamezoea kuliita hivyo ni tsunami, na mara nyingi huzuka sakafu ya bahari inapotikiswa na tetemeko. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra lenye ukubwa wa 9.1 lilisukuma mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua (yanayojaa na kupwa kupita kawaida), na mawimbi yalipofika Kenya na Tanzania yalikuta maji yamekupwa. Watu walikufa, lakini laiti yangekuta maji yamejaa, maafa yangekuwa makubwa zaidi.

Dhana: Pasipo upepo hakuna "swell".

Ukweli: "Swell" ni mawimbi marefu yenye mgongo laini, yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, pengine maelfu ya kilomita. Vijiwimbi vya upepo wa hapo hapo huitwa "chop".

Dhana: "Rip tide" na "undertow" ni mkondo uleule, nao humzamisha mtu.

Ukweli: Hapa jina lisilo sahihi linaweza kuua. "Undertow" ni maji ya wimbi yanayorudi chini ya wimbi linalofuata. Humwangusha mtoto, ila nguvu yake huisha upesi. Hiyo "rip tide", ambayo wataalamu huiita "rip current", ni maji yaliyorundikwa ufukweni na mawimbi, yakapata upenyo kati ya mafungu ya mchanga na kutoka kwa kasi inayoweza kupita mita 2 kwa sekunde. Hata bingwa wa Olimpiki hashindani nayo. Haikuvuti chini, inakupeleka nje. Wengi hufa kwa uchovu, wakipigana kurudi moja kwa moja walikotoka. Elea, punga mkono kuomba msaada, na ukiweza ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

Dhana: Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki ndipo salama pa kuingilia.

Ukweli: Mara nyingi huo ndio mlango wa mkondo. Tazama kwanza ukiwa juu ya mchanga: ukiona utepe wa maji yenye rangi tofauti, povu na mchanga vikielekea nje huku kando mawimbi yanavunjika, watoto wasiingie hapo.