Upendeleo wa wanamichezo vyuo vya Marekani: tatizo si Mkenya wa mita 10,000

Mimi kazi yangu ni kusaidia vijana wa huku North Rift, Kenya, kuomba vyuo Marekani, wengine kwa gredi, wengine kwa mbio, na kila mara naona watu wa kule wakilalamika mtandaoni eti Wakenya wamejazwa kwenye timu na wanachukua nafasi za watoto wao. Niseme mapema tu: upendeleo wa wanamichezo upo, tena ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila mwizi wanamtafuta nyumba siyo.

Kuna njia mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni skolashipu. Chuo cha Divisheni ya 1, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo, kama Oregon au Alabama kina pesa za timu, kochi anaangalia taimu zako, akikupenda anakulipia karo, malazi na chakula, wewe unatakiwa utimize masharti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule: masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao. Sasa vyuo vingi vya namna hii vinachukua waombaji wengi tu, mwenye gredi nzuri anaingia bila kukimbia hata hatua moja. Shida yake ni bili. Kwa hivyo mbio hapo hazikufungulii mlango, zinakulipia.

Na huko ndiko sisi tumejaa, tangu zamani. Suleiman Nyambui alikuwa chuo cha UTEP kule El Paso, Texas, alipoipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Henry Rono akiwa Washington State mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwanafunzi huyo jamani! Halafu Edward Cheserek na mataji yake 17 ya NCAA pale Oregon, na majuzi Doris Lemngole pale Alabama. Hoja ya umri, kwamba wengine wetu wanafika wakiwa wakubwa kuliko wenzao wa mwaka wa kwanza, ina ukweli wake na sitaikana. Lakini hiyo ni hoja ya ushindani uwanjani, haihusu nani kanyimwa kiti darasani.

Njia ya pili ndiyo yenye maneno. Ivy League, yaani Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano, hawatoi skolashipu ya michezo hata senti, ni msimamo wao tangu makubaliano ya 1954. Wanachotoa ni kitu ghali zaidi: kiti chenyewe. Kochi ana idadi ya majina anayoweza kuyapigia debe kwenye ofisi ya udahili. Kabla mtoto hajaomba rasmi, matokeo yake ya masomo yanapitiwa kimya kimya waone kama yanafika kiwango, na kuanzia Oktoba anaweza kupata barua inayomwambia, kwa lugha ya ofisi, kwamba atakubaliwa mradi asiharibu. Wenzake walioomba kawaida wanauma kucha mpaka mwisho wa Machi.

Harvard iliposhtakiwa kuhusu udahili, kesi ikasikilizwa Boston 2018, takwimu zao zikaanikwa na wanauchumi wakazichambua. Wanamichezo walioitwa na makochi walikuwa chini ya 1% ya waombaji lakini zaidi ya 10% ya waliochukuliwa. Kati yao 86% walikubaliwa, ilhali mwombaji asiye na mchezo, asiye na mzazi aliyesoma pale, asiye na jina la wafadhili, nafasi yake haikufika 6%. Sasa hiyo 86% isomeni kwa makini, maana kochi ameshachuja kabla, walio dhaifu hawafiki hata hatua ya kuomba. Lakini hata ukitoa hiyo, pengo bado ni la kutisha. Na 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku kuangalia rangi ya mwombaji, wanamichezo wakaachwa walivyo.

Ni michezo gani hiyo? Hapa ndipo naona wengi wanakosea, wanafikiria basketiboli na mbio. Harvard ina timu 42. Kuna kupiga makasia, skwoshi, vitara (mchezo wa panga), mbio za mashua, polo ya majini, gofu. Makasia peke yake yanabeba vijana wengi, na mashua moja ya watu wanane inauzwa mamilioni ya shilingi zetu, bado hujalipa klabu, kochi wa binafsi, na safari za kila wikendi. Mtoto wa shule ya umma kule Detroit ataanzia wapi? Watafiti wa Opportunity Insights walitoa ripoti 2023 kuhusu Ivy na vyuo vinavyolingana navyo: kati ya waliokubaliwa kutoka familia za 1% tajiri zaidi, kama mmoja kati ya 8 alikuwa mwanamichezo aliyeitwa, kwa familia za 60% ya chini ni mmoja kati ya 20. Yaani michezo, ambayo tunaimba kila siku kwamba inamnyanyua maskini, kwenye vyuo hivi inamsukuma aliye juu tayari.

Ndiyo maana Rick Singer, mshauri wa udahili kule Marekani, alipoanza kuuza viti, skandali iliyolipuka Machi 2019, alipitia kwa makochi. Alijua jina likitoka kwa kochi haliulizwi sana. Mzazi mmoja aliagiza kofia na mpira wa polo mtandaoni, akampiga picha mwanawe kwenye bwawa la nyumbani, picha ikapambwa na kompyuta, kijana akawa mchezaji. Watoto wengine walipigwa picha juu ya mashine ya makasia. Mkimbiaji huwezi kumtengeneza hivyo, mtu atauliza amekimbia ngapi na wapi.

Swali hilohilo ndilo linalotuumiza sisi pia. Kijana wa Marakwet amekimbia mita 5,000 kwenye uwanja wa vumbi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na saa ya mkono. Kochi anajibu emaili mstari mmoja: nitumie linki ya matokeo. Linki haipo, maana saa za umeme ziko kwenye mashindano makubwa ya mijini, na nauli ya kufika huko ni ya kuomba. Anayefika ni yule aliyeshikwa mkono na ejenti, na ejenti naye ana hesabu zake. Ndio maana naheshimu KenSAP, mradi wa kupeleka wanafunzi wa Kenya vyuo vya Marekani, ulioanzishwa 2004 na mwandishi John Manners na mkimbiaji wa zamani Mike Boit. Walichukua waliofaulu vizuri sana KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kutoka Bonde la Ufa, ndipo wakawapima mita 1,500, wakiona mtu ana kasi kochi anaambiwa. Gredi kwanza, mbio nyongeza.

Binafsi sitaki michezo ifutwe. Nataka hesabu ya viti vya kochi ifutwe. MIT wanafanya karibu hivyo: kochi anaruhusiwa kumsifia mtoto, lakini hana kiti cha kugawa, na utafiti ule wa 2023 uliitaja MIT kama chuo ambacho pesa ya mzazi haikusaidii karibu chochote. Na hawajafa kimichezo, wasichana wao walibeba ubingwa wa mbio za nyika wa Divisheni ya 3 mwaka 2024. Princeton na Yale watasema mashabiki na wafadhili watakasirika. Mashabiki wa skwoshi?

Wale wangu wa mwaka huu: mkinitumia taimu andikeni tarehe, uwanja, na kama ni saa ya mkono semeni ni ya mkono, makochi wa kule wanajua kuirekebisha wenyewe.